Jioni Kumi za Betri

Fomu ilikuwa na kurasa mbili, na mama akatia sahihi kurasa zote mbili bila kumwuliza mumewe. Hakuwa na nia mbaya. Msanii aliyeileta alikuwa mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na aliieleza kazi yake taratibu mpaka ikaeleweka. Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha lao la ghorofa ya pili, palikuwa na ukuta mrefu wa mawe meupe wenye majina ya askari waliokufa vitani. Kwa jioni kumi mfululizo, giza likishaingia, yeye na mafundi wake wangerusha picha za askari kwenye ukuta huo kwa mwanga. Zingekuwa picha za zamani, zilizokuzwa mpaka kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na kompyuta ingezifanya zipumue na kupepesa macho. Si waliokufa tu. Hata walio hai, kama mzee wa nyumba hii.

"Watu wanapita pale kila siku na haraka zao," msanii alisema. "Jina kwenye jiwe halimsimamishi mtu. Uso unamsimamisha."

Mama aliyapenda maneno hayo. Miaka ishirini na sita alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kubisha mlango wao kumtafuta mumewe isipokuwa watu wenye redio mbovu. Akaingia chumbani, akapekua chini ya nguo zake za kutokea, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya vijana wawili wenye sare, wamesimama mbele ya lori. Mmoja alikuwa mumewe, amekumbatia redio ya jeshi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Wa pili alikuwa mrefu, meno yake ya mbele yameachana, na mkono wake ulikuwa begani kwa mwenzake.

Msanii akauliza huyu wa pili ni nani. Mama alimjua kwa jina la utani tu, Betri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akibeba betri za redio ya kikosi. Hakurudi. Msanii akasema jina lake kamili litapatikana kwenye majalada ya jeshi, na kwamba ofisi ya kumbukumbu ingejaribu kuwatafuta ndugu zake. Kisha akaipiga picha ile kwa kamera yake, hapo hapo mezani, mara tatu, na kuirudisha kwenye bahasha kwa ncha za vidole.

Wakati huo mwenye picha alikuwa chini ya ngazi, kwenye kibanda chake, anachomelea waya. Mtaa mzima ulimwita Redio. Vitani alikuwa mtu wa mawasiliano, na aliporudi akageuka fundi wa redio, basi jina likamganda. Alikuwa mtu wa ratiba. Chai saa kumi na mbili, kibandani saa mbili, nyumbani kabla ya taarifa ya habari. Vita hakuvizungumzia, na mkewe alishajifunza mambo mawili makubwa ya kuishi naye: asiguswe ghafla akiwa usingizini, na redio inayokoroma bila stesheni isiingie ndani ya nyumba. Za namna hiyo zilikaa kibandani, naye alizitengeneza haraka kuliko kazi nyingine yoyote.

Mama aliposhuka kumpa habari, Redio aliinua kichwa na kuuliza ni picha ipi. Akaambiwa. Akasema, "Aa," akarudi kwenye waya zake. Mama akalichukua hilo kuwa ni ndiyo.

&nbsp;

Jioni ya kwanza waliwekewa viti vya mbele, vya kwao vitatu, pamoja na binti yao ambaye aliomba ruhusa mapema kwenye duka la dawa anakouza. Mama alikuwa amelinyoosha shati la mumewe mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Saa moja na robo taa za uwanja zikazimwa, muziki wa chini chini ukaanza, na ukuta ukawaka.

Sura ya Redio ilikuwa ya nne. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, akawatazama kutoka juu huku akipumua. Watu wakapiga makofi. Binti alikuwa akirekodi kwa simu, machozi yakimtiririka, na mzee mwenyewe alijikunyata kitini akitabasamu kwa haya, kama mtu aliyesifiwa mbele ya wageni. Mama alijisikia kwamba safari hii, kwa mara moja tu, amefanya jambo la maana.

Ndipo akaja Betri. Msanii alikuwa amewatenganisha wawili wale na kumpa kila mmoja nafasi yake. Betri alisimama ukutani peke yake, macho yakipepesa, na kwa kuwa meno yake yaliachana na mdomo haukufungika vizuri, kompyuta ilipompa pumzi midomo ilifunguka kidogo na kufunga, ikafunguka tena. Alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo.

Redio akasimama. Akaweka kiganja sikioni.

"Nakupata," alisema. "Nakupata. Sema."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini muziki ulikuwa wa chini na watu wa viti vya nyuma walisikia. Wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata. Mama akamvuta mumewe upindo wa shati, naye hakuketi. Sekunde arobaini zikaisha, Betri akafifia, akaja askari mwingine, na mwingine. Redio alibaki wima mpaka taa za uwanja zilipowashwa, akitazama mahali palepale pa ukuta.

Nyumbani alikataa chai. Mkewe alimwuliza ana nini, akamwuliza tena wakiwa kitandani.

"Ananiita," alisema, akageukia upande wa dirisha.

&nbsp;

Kuanzia siku ya pili alifunga kibanda saa kumi na moja. Alinyoa ndevu, akavaa shati lilelile, akavuka barabara. Kitini hakuketi tena. Alisogea mpaka kwenye kamba iliyozuia watu, na sura ya Betri ilipokuja aliivuka kamba, akasimama karibu kiasi kwamba mwanga ulimwangukia yeye pia, akajibu. Alijibu kwa namna ya kazi yake ya zamani, maneno mafupi, kila neno mara mbili. Nakupata, nakupata. Taja ulipo, taja ulipo. Halafu akanyamaza kusikiliza.

Watu walianza kuja kwa ajili yake. Jioni ya tatu kulikuwa na simu nyingi zimeinuliwa kuliko nyuso zinazotazama ukuta. Baada ya Betri kufifia, bwana mmoja mwenye kamera kubwa alimshika Redio mkono kwa adabu na kumwomba arudie kidogo, kwani mwanzo hakuupata. Redio alimtazama.

"Hata mimi sikumpata," alimjibu.

Bwana yule akacheka, akidhani ametaniwa.

Hotelini, msimamizi wa chumba cha kufulia alimwita mama kando ya mashine na kumwonyesha kwenye simu. Video ilikuwa imesambaa kila mahali, imewekewa muziki wa huzuni na maneno juu yake: mzee asiyemsahau rafiki. Msimamizi alisema amelia asubuhi nzima, akataka kujua kama mama ameiona, na mama akasema ameiona. Hakusema kwamba ni mumewe. Wenzake wawili wakaja nao kutazama, wakamwonea huruma mzee wa watu, na mmoja akauliza hivi huyu hana familia ya kumwangalia. Mama akarudi kwenye pasi yake, akanyoosha foronya ileile mara nne.

Binti hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Siku ya nne alimpeleka baba yake zahanati. Walisubiri tangu asubuhi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimwuliza mzee tarehe, siku na jina la mkewe, na mzee akajibu yote sawasawa. Alimwuliza kama anajua kwamba mtu wa ukutani ni picha. Redio akasema anajua, ni picha. Akamwuliza, sasa mbona unaijibu? Redio akasema kwa sababu inaita. Daktari akaandika dawa ya usingizi na tarehe ya kumwona mtaalamu, wiki sita mbele. Binti alitaja kwamba maonyesho yanaisha baada ya siku sita. Daktari akasema basi huenda na shida ikaisha hapo, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Jioni ya tano walimhamishia kwa mjomba, kaka yake mama, upande mwingine wa mji. Mjomba alimpokea vizuri, akamwekea mechi kwenye runinga. Kwenye saa kumi na mbili akapiga simu na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepoteza kitu cha watu. Alikwenda msalani tu, alisema, dakika mbili, na shemeji hayupo. Mama na binti walimkuta penye kamba, amefika kwa miguu, kandambili moja imekatika na nyingine ameishika mkononi. Mwanga wa Betri ulikuwa usoni kwake. Hawakumvuta. Walisimama nyuma yake wakingoja sekunde zile arobaini ziishe, kama watu wanaomngoja mwenzao amalize mazungumzo ya simu.

Usiku huo mama alitundika blanketi dirishani, lakini alijua ni kazi bure. Binti alikuwa akimpaka baba yake dawa kwenye malengelenge ya nyayo.

"Wewe ndiye uliyetia sahihi, Mama," alisema bila kuinua macho.

Mama akabana pembe ya blanketi. Baadaye binti alimwomba msamaha, na mama akamwambia hakuna cha kusamehe, kwa kuwa ni kweli.

&nbsp;

Siku mbili zaidi mama alivumilia. Siku ya nane, asubuhi, akapiga moyo konde, akaenda kwenye hema la mafundi nyuma ya uwanja. Msanii alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, na alipomwona mama alisimama haraka, kama mtu aliyekuwa akiitarajia siku hiyo. Kwa kweli alikuwa hajalala sawasawa siku kadhaa. Jioni ya kwanza, mzee aliposimama, alijisikia furaha ambayo hajawahi kuipata katika kazi yoyote. Jioni ya tatu furaha ile ikawa aibu. Wadhamini, kwa upande wao, walikuwa wamempigia kumpongeza kwa wingi wa watu.

Mama alikuwa amejiandalia maneno mengi, yakamkauka. Akasema tu, "Naomba umtoe yule kijana."

Msanii alisema kumtoa ni jambo la kubonyeza mara moja. Alisema angemtoa hata jana kama angeombwa, na kwamba alikuwa akingoja kuombwa kwa kuwa hakuwa na uhakika ana haki gani. Mama alimwangalia mwanamke yule mwenye mashine zote zile akisema hajui ana haki gani, na kwa mara ya kwanza akamwona kuwa mdogo, wa umri wa binti yake. Akamshukuru. Jioni hiyo mashine tayari zilikuwa zimepangwa na watu wa wadhamini wapo, basi wakakubaliana ianzie kesho yake, jioni ya tisa.

Jioni ya tisa Redio alisimama mahali pake. Sura zikapita moja baada ya moja. Yake ikapita, wala hakuitazama. Akaweka kiganja sikioni akijiandaa, na baada ya kijana mwembamba aliyebeba redio akaja muuguzi wa kike mwenye kofia, kisha mpiga tarumbeta. Redio akageuka kuangalia nyuma, akaangalia tena ukutani. Mzunguko mzima ukaisha. Wa pili ukaanza, ukafika palepale, akaja muuguzi.

Hapo akaivuka kamba. Alianza kutembea kando ya ukuta, viganja viwili kwenye mawe, akipapasa majina huku nyuso za watu wengine zikimpita mgongoni. Alikanyaga nyaya, mashine moja ikayumba, sura ya mpiga tarumbeta ikaruka mpaka kwenye miti. Walinzi wawili wakamshika, si kwa ukali.

"Mawasiliano yamekatika," aliwaeleza kwa utulivu, kama fundi anayemweleza mteja. "Niachieni kidogo nitafute."

Watu walikuwa wakirekodi. Mama alikuwa ameshainuka kwenda kumchukua pale mwanamke mzee aliyeketi kando yake alipomgusa mkono. Alikuwa na mkoba mkubwa mapajani, vumbi la safari bado liko viatuni, na mkononi alishika karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Aliomba radhi. Alisema macho yake si mazuri, pengine amepitiwa, maana amekuwa akingoja tangu mwanzo. Je, kaka yake ameshapita?

Mama akaichukua ile karatasi. Ilitoka ofisi ya kumbukumbu. Jina lililoandikwa lilikuwa lilelile ambalo kwa jioni nane alilisoma chini ya uso wa Betri.

Akaikunja tena karatasi. Mbele yake walinzi walikuwa wakimrudisha mumewe upande huu wa kamba. Kando yake yule bibi alingoja jibu, macho ameyainua kwa heshima. Mama angeweza kusema ukweli wakati ule, naye baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema.

"Leo kumetokea hitilafu," alimwambia. "Kesho atakuwepo."

&nbsp;

Mama alirudi hemani, na msanii akamrudisha Betri. Fundi wake alinung'unika, akasema hawa watu hawajui wanachotaka, lakini ilikuwa ni kubonyeza mara moja.

Dada yake Betri alifikia kwenye nyumba ya wageni iliyolipiwa na ofisi, na mchana wa siku ya kumi mama alimchukua, akamleta kwake kula. Alieleza kwamba alikuwa na miaka kumi na moja kaka yake alipoondoka. Picha yao ya pekee iliharibiwa na maji ya paa. Baba na mama yao walikufa wakiwa wameshaanza kubishana kama mtoto wao alikuwa na kidevu cha upande huu au upande ule. Alisema hayo bila kuomba huruma. Redio alikuwa mezani pia, anakula. Aliambiwa mgeni ni nani, akaacha kula. Akanawa mikono, akashuka kibandani, asionekane tena mpaka jioni.

Saa moja na robo ukuta ukawaka kwa mara ya mwisho. Betri alipokuja, dada yake hakulia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesoma maandishi madogo.

"Meno yale," alisema. "Nilikuwa nimeyasahau meno."

Kisha akamwona mzee penye mwanga, kiganja sikioni, akisema na ukuta. Akauliza yule anazungumza na nani.

"Na kaka yako," mama alimjibu.

Walipopanda ghorofani, mgeni hakukaa alipoonyeshwa. Alivuta kiti mpaka mbele ya Redio, magoti yao yakakaribia kugusana. Binti alisimama jikoni kando ya birika lililokuwa motoni. Mgeni akauliza kama alikuwa naye siku ile. Redio akasema hapana, hakuwa naye. Yeye alikuwa na redio tu. Mama alitamani kumzuia, na hakujua angemzuia vipi. Mzee alikuwa ameshaanza.

Alieleza kwa sauti ya kawaida, macho kwenye meza. Kikosi kilivuka mto kabla ya mapambazuko. Betri alipigwa mguu akabaki ng'ambo, na alikuwa na redio ndogo ya mkononi. Kamanda akatoa amri ya kukaa kimya: adui anasikiliza, atakayejibu atawauza wenzake arobaini. Yeye ndiye aliyekuwa na visikilizio masikioni. Wengine wote walisikia mto tu.

"Aliita muda gani?" dada aliuliza.

"Dakika hamsini."

"Akisema nini?"

"Mwanzo alitaja alipo. Halafu akauliza kama tunampata." Redio alipapasa ukingo wa meza. "Mwisho akawa anasema, Redio, najua upo."

"Ukafanya nini?"

"Nilimsikiliza."

Birika lilikuwa likichemka na hakuna aliyeliepua. Dada akauliza kama angejibu, kaka yake angepona. Redio akafikiri kwa uaminifu, jinsi alivyofikiri watu walipomwuliza kama redio yao itapona. Akasema hajui. Pengine wangekufa wote. Pengine Betri angekufa vilevile, ila akijua kuna mtu.

Chai ilimiminwa, ikapoa mbele ya yule bibi bila kuguswa. Baadaye alimwuliza mama kama ile picha yenyewe, ya karatasi, bado ipo. Mama akaileta, akamwambia ni yake, aichukue. Bibi akaikaribiza machoni, akaomba mkasi. Hakuna aliyeuliza wa nini. Alikata polepole, katikati ya vijana wawili, kuanzia juu mpaka chini, na alipomaliza akamrudishia mama kipande cha mumewe. Vidole vinne vya Betri vilikuwa vimebaki begani.

"Mimi nilitaka uso tu," alisema akifunga mkoba. "Sauti sikuitaka."

Binti alimsindikiza mpaka nyumba ya wageni. Njiani bibi aliuliza tu basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.

&nbsp;

Kesho yake malori yalikuja kuchukua mashine. Msanii alipanda kuaga. Alitaka kuomba radhi na akashindwa kuimaliza sentensi, akalia mlangoni na viatu mkononi, ikawa mama ndiye wa kumbembeleza, wa kumkalisha na kumpa maji. Alimwambia mambo haya hupita. Alimwambia kazi yake ilikuwa nzuri, na kwa sehemu alimaanisha. Alipoondoka, mama alilitoa blanketi dirishani, akalikung'uta, akalirudisha kitandani. Alijiambia kwamba daktari alisema shida itaisha maonyesho yakiisha, na ingawa daktari alisema huenda, mama alilishika lile neno la kuisha.

Saa kumi na moja alimsikia mumewe akifunga kibanda. Akapanda, akanyoa ndevu, akavaa shati.

Binti alisimama mlangoni akamzuia kwa mkono. Alimwambia, Baba, wameondoka, hakuna kitu pale. Mzee hakumsukuma. Alingoja tu, mbele ya mkono ule, bila kukasirika, angeweza kungoja mpaka asubuhi. Binti akamtazama mama yake. Mama akamwashiria kwa kichwa amwache, na mkono ukashuka.

Mama akamfuata. Uwanja ulikuwa mtupu, viti vimeondolewa, kamba imeondolewa, nyasi zimelala mahali mashine ziliposimama. Ukuta ulikuwa wa kijivu katika mwanga wa taa moja ya barabarani, na majina hayakusomeka. Wapita njia wawili walipita bila kugeuza kichwa. Redio alisimama mahali pake, kiganja sikioni. Ilipita saa moja na robo. Ilipita saa moja na nusu.

"Wamezima, Mzee," mama alisema. "Mashine zimeondoka. Twende ukapumzike."

"Najua wamezima."

"Basi twende."

Hakuondoka. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu iliyokataa kutoka.

"Safari hii nilimjibu," alisema. "Jioni zote alizokuja nilimjibu. Wewe uliniona."

"Nilikuona."

"Mbona hakunisikia?"

Mama alitafuta la kumwambia. Alitafuta katika yote aliyowahi kuwaambia watu, binti yake alipougua, mama yake mzazi alipokufa, msanii asubuhi ile. Gari likapita, taa zake zikafagia ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho na kuuacha, na mzee akazifuata kwa macho mpaka zilipopotea kwenye kona.

"Nyamaza kidogo," alimwambia mkewe, kwa upole, akikibana zaidi kiganja sikioni.

Mama hakuwa amesema kitu.